Matetea wanakufa wakiwa wanene, ini limejaa vidoa vyeupe. Huu ni ugonjwa gani?

Mfugaji_Nala

Wakuu habari za majukumu. Nipo Nala hapa Dodoma, nafuga chotara wa mayai, matetea kama 280 hivi, mchana wanazurura nje kwenye eneo nimezungushia wavu, jioni wanarudi bandani. Walianza kutaga vizuri tu na walishafika trei 6 na ushee kwa siku, afu toka mvua zianze kuchanganya naona mayai yanashuka, sa hivi trei 5 ikifika nashukuru Mungu. Ila kinachonichanganya zaidi sio mayai, ni vifo. Asubuhi nafungua banda nakuta mmoja kalala kafa, siku nyingine wawili, na sio waliokonda, yani ni wale wanene kabisa ambao ukiambiwa uchague wa kuchinja sikukuu ungeanza nao. Jioni kala, kanywa, kapanda kwenye fito zake kulala, asubuhi mzoga.

Leo nikasema liwalo na liwe, nikampasua mmoja. Gole limejaa chakula, ndani kuna yai limeshakamilika na ganda lake bado kutoka tu. Nyama nzuri, mafuta yapo. Sasa ini ndo balaa, lina vidoa vyeupe vinavyoelekea kijivu, vidogo vingi mno, ni kama mtu kamwagia punje za uwele juu yake. Sio vipele, ukipitisha kidole huvisikii, vipo ndani ya ini lenyewe. Kwenye utumbo sijaona damu wala minyoo. Mdondo nachanja kila miezi mitatu, tone la jicho. Chakula nachanganya mwenyewe, pumba, mtama, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na mifupa.

Nimepita duka moja la dawa za mifugo mjini, kaangalia picha kwenye simu hata dakika haijaisha nikapewa pakti ya antibayotiki, changanya kwenye maji basi. Sijaanza kuwapa, nimeona niulize kwanza humu kuna wazoefu. Huu ni ugonjwa gani na hao waliobaki nifanye nini?

BabuKuchi

Mbukwenyi. Kijana huo ni mdondo, usizungushwe. Mvua zikianza tu na upepo ule wa Dodoma mdondo unaingia kila mwaka, chanjo unaweza ukawa umechanja lakini ilishakaa juani kwenye bodaboda imekufa. Twanga mwarobaini na shubiri weka kwenye maji yao, sisi tumefuga kuchi miaka mingi hatujawahi kwenda maabara.

mama_trei

Shikamoo babu. Mdondo lakini si ungeshafagia banda zima kwa muda huo wote anaosema mayai yanashuka? Afu mdondo ungeona wengine wanapinda shingo, wanakoroma, wanahara kijani, mabawa yameshuka. Huyu anasema waliobaki wanakula kama kawaida. Na ile chanjo ya tone la jicho ya I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, japo sio kisingizio cha kuiweka juani.

@Mfugaji_Nala mimi nipo Singida, mwaka juzi nilipata kitu kinafanana na hiki ikawa taifodi ya kuku. Naomba unijibu haya: ini limevimba limekua kubwa kuliko kawaida? Rangi yake ni ya damu ya mzee kama ini lolote au ina kama shaba inayoelekea kijani? Bandama je, ni kubwa? Maana la kwangu ukiliacha kwenye sinia dakika chache ule ukijani ndo unazidi. Na kuku walikua wanatoa kinyesi cha njano na kijani, vilemba vimepauka, wanajikunyata siku kadhaa kabla ya kufa. Nilitumia dawa vifo vikapungua, nikafurahi, baada ya muda vikarudi. Mtu wa maabara ndo akanambia waliopona wanabaki na mdudu mwilini na wanapitisha mpaka kwenye yai, kwahiyo ukiangua vifaranga wanazaliwa nao. Ikabidi niliondoe kundi lote na sikuangua hata yai moja la pale.

Kijana_Ihumwa

Mimi naona mnamzungusha mwenzenu. OTC ipo, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini, bei rahisi, bakteria wote wa ini inawapiga. Mpe dozi siku tano tuendelee na maisha. Ukianza mambo ya sampo maabara majibu yanakuja kuku wameisha.

DaktariKanda

Habari zenu. Mimi ni daktari wa mifugo, nafanya kazi kanda hii ya kati, nimesoma maelezo ya mwenye mada na niseme kabisa ameeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaokuja na neno moja tu "kuku wanakufa".

Ndugu yangu wa Ihumwa, tatizo ni kwamba vidoa kwenye ini sio ugonjwa mmoja. Taifodi aliyoisema mama_trei inaweka vidoa. Kipindupindu cha kuku kinaweka vidoa vidogo sana vyeupe na kinaua ghafla kuku wazima wakubwa wanene, hasa matetea walioanza kutaga, kwahiyo kwa maelezo haya kipo juu kabisa kwenye orodha yangu, na ukiangalia wengine waliobaki unaweza kukuta yale manyama mekundu ya chini ya mdomo yamevimba, au mguu, na ukipasua unakuta vitone vya damu kwenye mafuta ya moyo. Ugonjwa wa kichwa cheusi nao unaweka alama kwenye ini lakini zile ni kubwa, duara, zimebonyea katikati, na ukifungua vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo unakuta kitu kigumu kama jibini limejaza humo. Kifua kikuu cha kuku kinatoa vinundu unavyovisikia kwa kidole, na kuku anakua amekonda mpaka mfupa wa kifua unakata, kwahiyo hicho tukitoe.

Sasa kuna wa tano ambao watu wengi hapa kwetu hawautaji. Ugonjwa wa madoa ya ini unaosababishwa na bakteria anaitwa Campylobacter hepaticus. Marekani waliuona toka miaka ya 1950 lakini mdudu mwenyewe alikua anawasumbua kumpata maabara, mpaka 2015 wakamuotesha Uingereza na 2016 Australia wakampa hilo jina. Na wanaoteseka nao zaidi huko ni wafugaji wa matetea wa huria, kwa sababu kuku wa huria anadonoa ardhi ile ile anayoinyea. Bakteria anatoka kwenye kinyesi, anaingia kwa mdomo, anapanda mpaka kwenye nyongo, anazaliana humo, ndo ini linaanza kuoza vitone vitone, kila kitone milimita 1 au 2 tu. Picha yake ya kawaida ni hii hii aliyoandika mwenye mada: kundi lipo kwenye kilele cha kutaga, mayai yanashuka asilimia 10 mpaka 25 hivi, kuku mnene anakutwa amekufa, gole limejaa, yai lipo tumboni, na waliobaki huoni kitu. Vifo likiachwa vinaweza kufika asilimia 10 ya kundi.

Sisemi ni huo. Nasema kwa picha ya simu mimi siwezi kutenganisha kipindupindu na huu, na duka halikuweza pia. Na ukikosea hapa inakugharimu, kwa sababu kama ni taifodi hao waliopona ni wa kuondoa, hutakiwi kuangua wala kuuza kama mbegu, kama ni kipindupindu unafukuza panya na unachanja kundi lijalo, kama ni kampilobakta hata ukiua bakteria leo uwanja wako utawaambukiza upya.

Mfugaji_Nala

Daah daktari asante sana, na mama_trei shukrani. Nimempasua mwingine wa leo asubuhi nikiwa na maswali yenu mkononi. Ini halijavimba sana, limekua kidogo tu, rangi ni ile ile ya ini, hakuna ukijani hata nilivyoliacha hewani. Bandama ndogo ya kawaida. Moyo hauna vitone vya damu. Vile vifuko vya mwisho vina uchafu wa kawaida. Ila kulikua na maji maji ya njano kidogo tumboni, na nyongo imejaa. Manyama ya chini ya mdomo nimewakamata kama kumi usiku nikawaangalia na tochi, hakuna aliyevimba. Vidoa ni vile vile.

Swali, sampo napeleka nini na wapi, na je kuna haja kweli? Maana nauli, gharama ya vipimo, na biashara yenyewe ndo hivo imeyumba.

DaktariKanda

Haja ipo, una kuku 280 sio watano. TVLA, yani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wana kituo hapa hapa Dodoma, nenda na ueleze unataka wapime nini, na kama kipimo fulani hawakifanyi hapo wakueleze kinatumwa wapi. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro nao wana maabara ya veterinari.

Peleka kuku mmoja aliyekufa ndani ya masaa machache, sio wa jana, na kama kuna mmoja amepoa anajikunyata peleka akiwa mzima, huyo ni bora kuliko mizoga mitatu. Mzoga usiupasue nyumbani. Weka kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, ndani ya boksi lenye barafu, ila usiugandishe, kuganda kunaua kampilobakta na utapewa jibu la "hakuna kitu" ambalo sio kweli. Ikibidi uchukue ini tu, basi lichukue zima pamoja na kifuko cha nyongo hakijatoboka, funga mrija wake na uzi. Nyongo ndo sampo safi kuliko zote kwa mdudu huyu, kwenye kinyesi au kwenye utumbo kuna bakteria wengi wengine wanaota haraka wanamfunika. Yeye anataka hewa yenye oksijeni kidogo na anaota taratibu, kwahiyo waambie kabisa wasipime salmonela (wa taifodi) na pasturela (wa kipindupindu) peke yake, waulize kama kuna kipimo cha vinasaba kile cha PCR. Na muhimu kuliko yote, sampo iende kabla ya antibayotiki. Ukishawapa dawa hata kidogo maabara haioteshi kitu.

Kijana_Ihumwa

Sawa doc nimekuelewa ila nauliza, majibu yakichelewa wiki nzima afu kwa siku wanakufa wawili watatu, huoni hasara ni kubwa kuliko kuwapa dawa?

DaktariKanda

Sampo ikishatoka mkononi, dawa anaweza kuanza siku hiyo hiyo, sijasema akae anaangalia. Daktari wa eneo lake aje aone kundi aandike dozi kwa uzito wa kuku na maji wanayokunywa, sio kijiko cha kukadiria. Tetrasaiklini kwa kawaida inakata vifo vya ugonjwa huu haraka tu, na kipindupindu pia inakisaidia. Lakini mambo mawili.

Kwanza maji. Visima vingi vya huku kwetu maji yake ni magumu, ukichemsha sufuria inaota ukoko mweupe. Kalsiamu inaishika tetrasaiklini haiingii mwilini, na jua nalo linaiharibu. Mtu anaweka dawa kwenye maji ya kisima, ndoo ipo juani toka asubuhi, kuku pembeni wana chokaa ya kudonoa, halafu anasema dawa feki. Tumia maji ya mvua kama umeyakinga, weka kivulini, changanya mapya kila siku, na ile chokaa ya pembeni itoe masaa wanayokunywa dawa, jioni uwarudishie maana maganda ya mayai yanahitaji.

Pili, huu ugonjwa una tabia ya kurudi kwa kundi lile lile baada ya wiki chache. Unatoa dozi, unarudi, unatoa tena. Australia wameshapata kampilobakta mwenye usugu kwa tetrasaiklini kwa mtindo huo. Kwahiyo dawa ni ya kuzima moto, ukitegemea hiyo peke yake utafuga duka. Na mayai ya siku za dawa pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hayaendi sokoni Majengo wala hayaliwi na watoto, yafukie. Najua inauma.

BabuKuchi

Daktari nimekusoma nimekuelewa. Lakini na hii mizoga minene mnataka kusema inatupwa yote? Sisi zamani aliyekufa akiwa mnene alikua anaingia chunguni.

DaktariKanda

Babu shikamoo. Anafukiwa shimo refu na chokaa juu, au anachomwa. Asiliwe na asipewe mbwa. Kuku aliyekufa mwenyewe na hujui kilichomuua sio kitoweo, na hata anayempasua avae glavu au mfuko wa nailoni mkononi na asifanyie hiyo kazi kwenye meza ya jikoni.

mama_trei

Mimi niongezee la uwanja maana naona ndo penyewe. @Mfugaji_Nala umesema imeanza mvua zilivyochanganya. Dimbwi lipo? Maana kwangu kuku wana vinyweo safi vya maji lakini mvua ikinyesha wote wanakimbilia kunywa kwenye kidimbwi cha mlangoni pa banda, na pale mlangoni ndo wanaponyea kuliko sehemu yoyote. Nilijaza kifusi na kokoto pale mlangoni hatua kama tano kutoka banda, nikachimba mfereji maji yaende chini, mavi ya chini ya fito nayazoa kila siku na sio kwa wiki. Uwanja nimeugawa vipande kwa wavu, wakikaa huku wiki kadhaa nawahamishia kule, kule jua la Singida linafanya kazi yake. Mume wangu alisema napoteza hela ya wavu, sa hivi hasemi.

DaktariKanda

Mama umemaliza. Mdudu huyu ukimwanika pakavu na juani hana ubavu, maji na kinyesi kibichi ndo vinamweka. Ongeza panya, nzi, utitiri na ndege wa porini, Australia walipopima mashambani walikuta vinasaba vyake kwa wote hao. Kwahiyo vyombo vya chakula viwe ndani ya banda, sio nje njiwa na shorewanda wanakuja kula bega kwa bega na kuku wako. Chanjo ya kununua dukani kwa ugonjwa huu hakuna, kule Australia kuna zinazotengenezwa kwa bakteria wa shamba husika lakini hiyo kwetu usiiwaze leo.

Na stresi. Kuku anaweza kukaa na bakteria wiki nyingi kimya, anachomoza pale mwili unapoelemewa, kuanza kutaga, joto kali la Oktoba na Novemba, kubadilishiwa chakula ghafla. Mwenye mada hebu niambie, chakula ulibadilisha kitu karibuni?

Mfugaji_Nala

Mmh. Dimbwi lipo, tena ni hapo hapo mlangoni kama alivosema mama, na bata wa jirani wanapita chini ya wavu wanaoga humo. Chakula, mashudu yalipanda bei nikapunguza nikaongeza pumba, na dagaa waliisha nikakaa muda bila kuweka. Kumbe.

Sampo imeshaenda. Nilipata mmoja amepoa, amejikunyata kwenye kona, nikampeleka mzima pamoja na aliyekufa alfajiri. Walimpasua mbele yangu, wakanionesha vidoa, wakachukua ini, nyongo na uboho wa mfupa wa mguu. Wamesema salmonela na pasturela wanaanza kuotesha, hiyo ya kampilobakta watanipa jibu baadae kidogo. Daktari wa kata kaja jioni kapiga hesabu ya maji, dawa tumeanza na maji ya simtanki ya mvua. Kesho kifusi kinakuja, tripu moja ya kirikuu, nafikiri inatosha mlangoni.

Nna swali la mwisho, kuna matetea 100 nilishaweka oda, walikua waje mwisho wa mwezi niwachanganye na hawa. Niwaache waje?

DaktariKanda

Wasije hapo. Kama hela umeshalipa omba wakutunzie au tafuta banda lingine mbali na hili, lenye vyombo vyake na gambuti zake, na anayewahudumia aanze na hao wageni ndo aje kwa wagonjwa, asianze huku. Kuwachanganya matetea wanaokaribia kutaga na kundi lenye vidoa ni kuwapeleka kwenye umri ule ule unaopendwa na huu ugonjwa. Hata ikija kuwa kipindupindu au taifodi jibu langu ni hilo hilo.

Bata zuia kwanza, hata kabla ya kifusi. Kipindupindu bata wanakibeba.

Kijana_Ihumwa

Doc na mimi nna 150 hapa Ihumwa, hawajafa ila mayai yameshuka na nna dimbwi hilo hilo 😅 nipasue mmoja mzima niangalie ini?

DaktariKanda

Usipasue mzima anayetaga bila sababu. Mayai kushuka tu kuna sababu mia, anza na chakula, maji, utitiri usiku kwenye fito, na masaa ya mwanga. Akifa mmoja mnene ndo umlete. @Mfugaji_Nala majibu yakitoka piga picha karatasi uweke hapa, ziba jina na namba ya simu, wengine wasome.